Mara Nne Omolo Alipokataa Kwenda

Mmeniuliza mmoja mmoja, dukani, kanisani, wengine kwa simu, na kila mmoja nilimpa kipande chake. Sasa vipande hivyo vimeanza kutembea mjini vyenyewe na havilingani. Yupo anayesema jeneza lilianguka ziwani. Halikuanguka. Yupo anayesema nilimtukana mume wangu siku ya maziko yake. Huyo kaukaribia ukweli kidogo, kwa hiyo kaeni niwaeleze safari yote, halafu mnihukumu mkiwa na habari kamili.

Habari za wodi, mochari na vibali nitaziruka, maana mlikuwa nami. Nianze na hili. Mume wangu Omolo alikuwa fundi wa injini za dizeli, na kuanzia Kisumu hadi Usenge hapakuwa na dereva wa lori asiyeujua mkono wake. Mafundi wengine hufunga bolti za hedi, kifuniko cha injini, kwa spana ya kipimo, ile yenye mshale wa kukuonyesha nguvu uliyotia. Omolo aliidharau. Yeye alivuta kwa mkono, kichwa kimeinama kama anayesikiliza mtu, akifika mahali anasema, "Imefika," na kweli imefika. Watu walisema kipimo cha Omolo kiko kwenye kiwiko. Mimi nauza vipuri mlango wa pili kutoka gereji yake, na spana hiyo ya kipimo imening'inia ukutani kwangu miaka yote. Hakuigusa hata siku moja.

Katika safari hii nilitaka kitu kimoja tu: azikwe na jina hilo likiwa zima. Yote mtakayosikia yametokana na hapo, mazuri na mabaya.

Kisumu hadi kilima cha Holo

Tulitoka Alhamisi asubuhi, maziko yakiwa Jumamosi. Lori lilikuwa lake mwenyewe, la Kijapani la zamani, ila alikuwa amelibadilisha mpaka waliolitengeneza wasingelitambua. Alilifungia turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, ambayo halikuzaliwa nayo, akaongeza dizeli kwenye pampu, akainua bodi. Likiwa limejaa mchanga lilipita mabasi mlimani, na yeye alicheka peke yake kwenye usukani. Aliniambia akiwa kitandani kwamba atarudi kwao na lori lake, hataki gari la kukodi lenye maua ya plastiki. Nikamwahidi.

Usukani alishika Okech, dereva wake wa miaka mingi, mtu mzima mwenye wajukuu, asiyesema neno kama nusu ya neno inatosha. Nyuma tuliweka jeneza katikati na mabenchi ya kanisa pembeni. Mimi mjane nilikaa kichwani pa jeneza, maana ndipo mahali pangu. Mkono wangu wa kulia alikaa Mzee Ogola, kaka mkubwa wa Omolo, mwalimu mstaafu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakaza. Mkono wa kushoto alikaa Mama Dorina, dada ya marehemu mama mkwe wangu, na nyuma yao waombolezaji kama ishirini. Kwao ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Sindo. Ogola aliamua tupite Luanda Kotieno tuvuke kwa feri, ili wateja wa Asembo wamwone Omolo akipita. Sikubisha.

Tulipoanza kupanda baada ya Kisian nilisikia harufu. Wale mliowahi kusahau sufuria ya maji jikoni mnaijua. Nikatazama nyuma, eksozi inatoa moshi mweupe mzito, ambao si moshi bali ni mvuke. Nikajua papo hapo. Gasketi ya hedi, ile karatasi ya chuma inayokaa kati ya injini na kifuniko chake, ilikuwa imeachia, na maji ya kupoza yanaingia ndani kunakochomwa dizeli. Mtu aliyeuza gasketi miaka kumi na tisa hahitaji kuambiwa.

Okech alisimama kabla ya Holo, mshale wa joto umelala kwenye nyekundu. Kabla sijafungua mdomo, Mama Dorina alisema kwa sauti ya chini, "Otamore." Amekataa.

Kwetu Taita gari likigoma tunatafuta fundi. Kwa wakwe zangu, gari lenye maiti likigoma halijagoma. Ni marehemu amekataa kwenda, kwa sababu kuna neno halijasemwa, na mtakaa papo hapo mpaka mwenye neno alitoe. Nilikuwa nimewahi kulisikia hili kwenye masimulizi ya watu. Sasa niliona wazee wote wanashuka taratibu na kulizunguka lori, kofia mikononi.

Ogola ndiye aliyesema. Alishika ubao wa pembeni akamwambia mdogo wake kwa Dholuo kwamba hakuja hospitalini. Alijisemea kwamba ni umbali na magoti, lakini ukweli ni kwamba aliogopa kumwona amekonda. Alisema akalia, mtu ambaye sijawahi kumwona akitoa hata kikohozi mbele za watu. Watu wakaimba wimbo mmoja, wakaomba. Ilichukua kama nusu saa. Okech akamwaga maji kwenye redieta, akawasha, na lori likawaka vizuri kabisa.

Bila shaka liliwaka! Injini ilikuwa imepoa. Lakini hebu nenda ukawaambie watu ishirini wenye machozi mashavuni. Okech alinitazama kupitia dirisha dogo la nyuma, nami nikatazama kando. Alijua, na alijua kwamba najua.

Sasa nisiwafiche. Ningeweza kusema hapo hapo. Lakini kusema kwamba gasketi imeachia ni kusema kwamba kazi ya Omolo imeachia, maana hedi hiyo aliifungua na kuifunga yeye mwenyewe, miezi kumi kabla hajafa. Na kusema hivyo mbele ya jeneza lake, nimevaa nguo nyeusi? Nikaona afadhali waseme amekataa. Kukataa kuna heshima yake.

Holo hadi Ndori

Palipo tambarare lilikwenda. Wateja walikuwa wamejipanga vituoni kama alivyosema Ogola, madereva wa malori wakipiga honi, mmoja akavua kofia akasimama katikati ya barabara mpaka tukampita. Nilifarijika sana, na ndiyo maana nilizidi kunyamaza.

Karibu na Ndori tulipata kilima kingine na mvuke ukarudi. Otamore. Safari hii alisema Mama Dorina. Alisimama nyuma ya lori, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupita ukuta, akamwambia Omolo kwamba yeye ndiye aliyemkataza kuoa mtu wa mbali. Alisema mwanamke wa Taita hatajua kupika omena, wale dagaa wa ziwa, wala hatajua kumlilia mume. "Omena amejua," alisema kwa Kiswahili ili nisikie. "Hili la pili bado ninalitazama."

Miaka kumi na tisa wananiita Nyar Taita, binti wa Taita, hata kwenye kadi ya harusi ya watoto wa shemeji. Si matusi, ni desturi yao kumwita mke kwa kwao. Lakini siku ile lilinikaa vibaya.

Tulisubiri kama dakika arobaini kwa sababu Mama Dorina hana maneno machache. Mama mmoja wa soko alituletea uji wa wimbi kwa ndoo na vikombe vitatu, akakataa kulipwa. Nilipokunywa nilitazama chini ya lori nikaona paipu ya juu ya redieta imevimba na kukaza kama mfupa. Okech alipofungua kifuniko kwa kitambaa, mapovu yalipanda mfululizo ingawa injini ilikuwa imezimwa dakika nyingi. Akaongeza maji, akawasha. Likawaka.

"Mmeona," alisema Ogola, na watu wakaitikia.

Ndori hadi Luanda Kotieno

Mara ya tatu hapakuwa na kilima. Tulikuwa tumeteremka kuelekea Uyoma, barabara imenyooka, ziwa linaonekana mkono wa kushoto, na lori likazima lenyewe katikati ya mashamba ya mtama. Palikuwa na boma jirani, mwenyewe akatoka mbio akatusihi tusogee mbele kidogo. Si ubaya. Maiti ya mtu mwingine haisimami langoni pako, na yeyote kati ya wakwe zangu angefanya vivyo hivyo. Wanaume wakasukuma lori mpaka tukaupita ua wake.

Basi watu wote wakanitazama. Wa damu walikuwa wameshasema, nikawa nimebaki mimi.

Nilichofanya hapo ndicho ninachokionea aibu mpaka leo. Niliweka mkono juu ya jeneza nikadanganya. Nilimwomba Omolo msamaha kwa ugomvi wetu wa siku moja juu ya chakula kilichochacha, ugomvi ambao sisi wawili tuliucheka jioni ile ile. Nilisema kwa sauti ya huzuni, wanawake wakanishika mabega, Mama Dorina akanipa leso yake. Okech akangoja, akatia maji, akawasha. Na lori likawaka!

Hapo ndipo nilipoogopa. Sikuogopa marehemu. Niliogopa kwamba uongo wangu umefanya kazi sawasawa na ukweli wa Ogola, na kwamba sasa sina pa kurudi. Kila tuliposimama kuongea injini ilipoa, kila ilipopoa tukaendelea, na kila tulipoendelea hedi iliungua zaidi. Sisi wenyewe tulikuwa tunaipika kwa maombi na nyimbo, na mtu mmoja garini aliyeweza kusimamisha hayo ni mimi.

Tulifika Luanda Kotieno alasiri, feri ya mwisho inapakia. Okech aliteremsha lori mpaka karibu na gati. Likatoa mlio mmoja mzito, kama mtu aliyegonga ukuta kwa bega, likanyamaza. Alipojaribu kuwasha, starta haikuzungusha hata nusu mzunguko. Feri ikaondoka bila sisi.

Luanda Kotieno

Tulilala ufuoni. Hakuna boma lililoweza kutupokea na jeneza, na hatukuomba. Wauza samaki walitupa kibanda chao cha mnadani cha kukaa, wakatuletea ugali na mbuta wa kukaanga, wakasema poleni bila kuuliza mengi. Asubuhi Ogola alikusanya watu tena. Nyumbani kaburi limeshachimbwa, wageni wameshaanza kuja, na Omolo amekataa mara ya nne. Wapo waliotaka tukodi pikapu ya wanunuzi wa samaki tumhamishe. Ogola akasema hapana. Alisema mtu aliyeomba kurudi na gari lake akishushwa njiani hatafika. "Kuna aliyebaki na neno," alisema. Hakunitazama, na kutonitazama kwake kulikuwa kubaya kuliko kutazamwa.

Nikasimama. Niliwaambia kwa Kiswahili, maana Dholuo yangu hainitoshi nikiwa na hasira, na hasira nilikuwa nayo, juu yangu mwenyewe zaidi.

"Omolo hajakataa," nilisema. "Ni kazi yake iliyoharibika. Nilijua tangu Holo. Na jana nilimdanganya mbele yenu."

Kisha nikawaambia lililobaki, ambalo sijawahi kumwambia mtu. Miezi kumi nyuma, ugonjwa ulipokuwa umeshaanza kumla, niliingia gerejini nikamkuta anafunga hedi ya lori hili. Anavuta bolti kwa mkono wake kama kawaida, kichwa kimeinama. Jasho linamtoka hata shingoni, na bega limekuwa jembamba kama la mtoto. Akafika mahali akasema, "Imefika." Niliona kwamba haijafika. Uchovu ulikuwa ule ule aliouzoea, kwa hiyo mkono ulimwambia nguvu ni ile ile. Spana ya kipimo ilikuwa hatua ishirini kutoka pale, ukutani kwangu. Sikuileta. Nilimpa chai.

Mama Dorina alikaa chini. Ogola aliuliza kwa upole wa mwalimu kama naweza kuonyesha.

Nikamwita Okech. Tulikilaza kichwa cha lori mbele, tukachomoa nozeli zote nne zinazopuliza dizeli, zikabaki tundu wazi. Nikamwambia aguse starta. Sasa injini ilizunguka bila shida, na kutoka tundu la tatu yakaruka maji, mengi, ya kahawia, yakammwagikia Ogola kwenye lile shati lake kuanzia kola hadi mshipi. Hakuna aliyecheka, ingawa mtu mmoja aliingia nyuma ya kibanda kwa haraka. Ogola alijitazama, akagusa kifua, akanusa vidole.

"Maji," alisema. "Basi hayo ndiyo yaliyoifunga."

Nilimpigia simu Bwana Harjit. Mnamjua, yule kalasinga jirani yetu mwenye mashine ya kusaga hedi, rafiki wa Omolo na mpinzani wake wa kubishana kila siku. Nilimtajia vitu: gasketi nene kutoka rafu ya juu dukani kwangu, bolti mpya seti nzima, oili, paipu za mpira, na spana ile ya ukutani. Aliuliza neno moja tu, kama ni lori la Omolo mwenyewe. Alifika kabla jua halijawa kali, peke yake na pikapu yake, na cha kwanza alichofanya ni kupanda nyuma ya lori na kusimama karibu na jeneza kwa muda, kilemba kimeinama.

Wenyeji walimletea samaki mzima wa kuchemsha, heshima ya mgeni. Harjit hali nyama wala samaki, na alishukuru kwa Dholuo safi akamsogezea Okech. Mwenye samaki akadhani hajampenda, akaleta mwingine mkubwa zaidi. Akaja wa tatu. Ikabidi Mama Dorina aeleze, kisha akaenda mwenyewe kumtafutia mahindi ya kuchemsha na chai. Ni mara ya kwanza siku ile nilimwona ana kazi ya mikono, na ilimsaidia.

Lakini nilipofunga leso kiunoni na kushika spana, ndiye huyo huyo aliyenishika mkono. Mjane hukaa na mume wake mpaka azikwe. Hafanyi kazi, hapiki, wala hasimami juu ya injini na mikono ya oili. Nilimwambia nimekaa na mume huyu miaka kumi na tisa nikimpa spana, na yuko hapo hatua tatu nyuma yangu. Kama hivi siko naye, basi sijui kuwa naye ni nini. Akaniachia mkono. Kisha akakunja kitambaa akanifunga nywele zisiingie kwenye mkanda wa injini.

Tulifungua. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, mahali penye upana wa kucha, pembe zake nyeusi. Turbo ilisukuma kuliko bolti zilivyobana, basi. Na bolti zenyewe, nikizilegeza, zilitoka kwa mkono wa mwanamke bila kulia. Bolti za Omolo za zamani zilikuwa zinalia kama mlango wa kanisa.

Harjit alilaza rula ya chuma juu ya hedi, akapitisha bati jembamba chini yake. Imepinda, alisema, lakini kidogo. Ingenyooka kwa jiwe la kusugulia na uvumilivu. Tukapeana zamu ya kusugua, yeye, Okech na mimi. Ogola akaomba zamu yake pia, akasugua akiwa na lile shati la madoa, taratibu, akifuata alama za chaki alizochora Harjit.

Ni katika kusugua ndipo Okech alisema sentensi yake ndefu kuliko zote ninazozikumbuka. "Mama, mwaka huu wa mwisho alifunga malori mengine. Yale matano ya turbo. Mkono ni huo huo."

Nikaacha kusugua. Nilikuwa nimefikiria jina la Omolo tangu Kisumu bila kufikiria hata mara moja kwamba jina hilo liko barabarani linabeba watu. Moja la mawe, mawili ya mchanga. Moja linapeleka wanawake wa soko na magunia yao Pap Onditi kila siku ya mnada. Moja la bluu, mwenyewe simjui kwa jina, hubeba kwaya na timu za mpira. Likizima mteremkoni, likiwa limejaa, breki zake zinazotegemea pumzi ya injini zitafanya nini? Harjit aliendelea kusugua. Alijua sikumuuliza yeye.

Tulipofunga, Harjit alininyooshea spana ya kipimo. Nilianza katikati nikienda nje, kwa awamu tatu, mpaka mshale ukagusa namba kila mara. Ilinitoa jasho, lakini mshale haujali nani anavuta. Mwisho nilifanya jambo ambalo halikuhitajika kwa siku ile ila nililitaka. Nilirudisha skrubu ya dizeli mahali pake pa kiwandani, na nikalegeza fimbo ya turbo mpaka isukume kama upepo wa kawaida. Okech alipowasha, lori halikuwa na ule mlio wake. Lilinguruma kama lori jingine lolote, redieta imetulia, hakuna povu hata moja. Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu mochari, na Mama Dorina akasimama kando yangu bila kunishika. Nadhani alikuwa amemaliza kutazama.

Kuvuka

Tulivuka na feri ya jioni ya Ijumaa. Sina mengi ya kueleza. Wenye feri walituweka mbele, abiria wakasogea wakatupa nafasi, mtu mmoja aliyebeba kuku akawafunika kwa koti lake wasipige kelele. Ogola alikaa kando yangu. Aliniuliza ninachotaka kusema kesho nitakapopewa nafasi, kwa sababu desturi ni mjane aseme, na desturi pia ni kusema mema tu. Nikamwambia. Alitazama doa la shati lake mpaka tukafika Mbita.

Nyumbani

Jumamosi palijaa. Madereva walikuja kwa wingi, malori yamepangwa kando ya barabara mbali kabisa. Kila aliyeshika kipaza sauti alisifu mkono wa Omolo. Mkono usiohitaji kipimo, kiwiko chenye macho. Watu walipiga makofi, nami nilikaa kwenye kiti changu nikiona inavyozidi kuwa ngumu.

Nilipoitwa sikusoma karatasi niliyokuwa nimeandika. Nilisema Omolo alinipenda na alipenda kazi yake, na kwamba mwaka wa mwisho ugonjwa ulimchukua mkono kabla ya kumchukua mwenyewe, na yeye hakujua, nami nilijua nikanyamaza. Kisha nikataja malori matano, moja moja, rangi na kazi yake. Nikasema wenyewe wasibebe mtu wala mzigo mpaka nimefungua hedi na kuzifunga upya kwa mikono yangu na spana ya kipimo. Nitafanya bure.

Manung'uniko yalianza nyuma yakaja mbele. Mtu alisema kwa sauti kwamba huyo mwanamke anamzika mumewe mara mbili. Mama mmoja akavuta nguo yangu nikae. Nikaendelea kusimama.

Ogola akaja akachukua kipaza sauti. Alikuwa amevaa lile lile shati, hakukubali lifuliwe. Nilijua anaweza kunimaliza kwa sentensi moja, na kwamba ana haki.

"Ndugu yangu alikataa njiani mara nne," alisema. "Mimi nilidhani ananikataa mimi. Shemeji anasema ni gasketi, na nimeyaona maji kwa macho yangu, sibishi. Lakini mimi ni Mjaluo. Nasema alikuwa anangoja hili lisemwe. Limesemwa."

Akawageukia waliokuwa wameshika kamba.

"Mteremsheni."

Wakamteremsha. Hakuna aliyenung'unika tena, wala hakuna aliyepiga makofi. Dereva wa lori la mawe alinifuata kabla udongo haujakauka akaniuliza nitakuwa dukani siku gani.

Jumatatu nilifungua. Amekuja huyo wa mawe, wamekuja wawili wa mchanga, na Jumatano likaja la Pap Onditi, bolti zake zikatoka kimya kama zile nyingine. Harjit anasaga, Okech anafungua, mimi nafunga. Manne yako salama. La bluu halijaja. Nimeuliza Ahero, nimeuliza Katito, wanasema lilionekana wiki iliyopita likielekea kwenye mashindano ya kwaya, limejaa watoto, linaimba. Mkiliona, wapendwa wangu, msinipigie mimi kwanza. Lisimamisheni.